Bunduki Kuukuu ya Jeshi: Ya Kununua, ya Kuhifadhi au ya Kurudisha?



Tunapozungumzia silaha katika mikutano yetu, mara nyingi tunafikiria Kalashnikov. Hilo halishangazi, kwa kuwa ndiyo iliyowatoa wengi wetu makwetu. Lakini iko bunduki nyingine ambayo husahaulika. Ni ile ndefu, yenye kitako cha mti, iliyobebwa na askari wa wakati wa babu zetu. Hukutwa darini, chini ya kitanda, ndani ya ghala la mahindi, au kufukiwa shambani. Wengine huiona kama chuma chakavu na wengine kama urithi wa ukoo. Tena wapo watu, hasa ng'ambo, wanaoinunua ili kuiweka katika mkusanyiko wa vitu vya kale.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Mtu akija kijijini au kambini akisema anakusanya bunduki za kale na yuko tayari kulipa, je, mwenye nayo amwuzie? Familia inayorudi kijijini baada ya vita ikiikuta bunduki kama hiyo, ifanye nini? Na jamii ikitaka kuhifadhi moja iwe kumbukumbu, ichague ipi? Katika makala haya tunajibu maswali hayo tukiangalia hasa Katanga ya Juu na Kenya, kwa sababu Kongo na Kenya zimefungwa na mkataba mmoja kuhusu silaha ndogo ndogo.

BUNDUKI TUNAYOISEMA NI IPI?

Ni bunduki ya jeshi inayokokiwa kwa mkono kila baada ya risasi moja. Upande wake kuna komeo la chuma, kama lile la mlango. Askari huliinua komeo, hulivuta nyuma, na ganda la risasi iliyotumika huruka nje. Kisha hulisukuma mbele, na risasi mpya huingia. Hailii mfululizo kama silaha za leo.

Aina mbili zilionekana zaidi katika eneo letu.

Ya kwanza ni Mauser. Serikali ya Ubelgiji ilichagua Mauser ya mwaka 1889, na kiwanda cha FN huko Herstal kilianzishwa mwaka huohuo ili kutengeneza bunduki 150,000 za aina hiyo. Hubeba risasi tano, na mtutu wake umevikwa koti jembamba la chuma. Ndiyo iliyobebwa na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo. Wajerumani nao walikuwa na Mauser zao katika Afrika Mashariki.

Ya pili ni Lee-Enfield ya Waingereza, ambayo wengi huijua kwa ukubwa wa risasi yake, yaani .303. Hubeba risasi kumi. Ilitumiwa na King's African Rifles na polisi wa kikoloni, na hata baada ya uhuru haikutoweka. Nchini Kenya, askari wa akiba wa polisi katika maeneo ya wafugaji wamepewa kwa miaka mingi bunduki za serikali, na miongoni mwake zimekuwemo hizi za .303.

Tusizichanganye na gobore, ambayo baadhi ya watu wa Kongo huiita pupu. Gobore hutengenezwa na fundi wa kijijini na hushindiliwa baruti kwa mbele. Bunduki tunayoisema hapa ilitoka kiwandani, ikapigwa nambari, ikapewa askari wa serikali.

ZILIFIKAJE KWETU?

Historia hii inatufundisha kitu kimoja: silaha iliyozidi mahali pengine hutafuta mahali pa kwenda, na mara nyingi imekuja kwetu.

Katika miaka ya 1870 na 1880, majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha bunduki haraka sana. Kila aina mpya ilipotoka, ile ya zamani ilibaki ghalani, ikauzwa kwa bei ya chini kwa wafanyabiashara, nao wakaileta Afrika. Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Tabora na kuanzisha utawala wake Bunkeya, alijenga nguvu kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa, vitu alivyovibadilisha kwa bunduki na baruti. Aliuawa huko Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, na msafara uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Bunduki zilimpandisha na bunduki zikamwangusha. Watu wa kawaida ndio waliokimbia, kabla yake na baada yake.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mataifa yalikuwa yametia sahihi Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliozuia kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Kenya imo ndani ya eneo hilo, na Lubumbashi pia. Lakini majeshi ya wakoloni wenyewe hayakuzuiwa. Hivyo bunduki ziliendelea kuja, safari hii mikononi mwa askari.

Vita Kuu ya Kwanza ikazisambaza zaidi. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique waliingia Tabora. Mwezi Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilikuwa imevunja kizuizi cha Waingereza na kufika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na bunduki na risasi kwa ajili ya Wajerumani. Jenerali Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari wake walikabidhi bunduki zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za Waingereza na Wareno walizoziteka njiani. Mbala si mbali na mpaka wa Katanga. Inasimuliwa huko kwamba silaha hizo zilitupwa katika ziwa Chila.

Nyuma ya kila bunduki hizo palikuwa na wapagazi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam na la Kariokor huko Nairobi ni kumbukumbu yao. Waliobeba mizigo walikufa wengi kuliko waliobeba bunduki, na wengi waliuawa na njaa na magonjwa. Tunalitaja hili kwa sababu tutalirudia tutakapozungumzia namna ya kukumbuka.

KWA NINI WATU WA NG'AMBO HUZIKUSANYA?

Si kila anayekusanya bunduki za kale ni mtu wa vita. Huko Marekani, Uingereza na kwingineko wapo wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu. Wanapenda kujua kiwanda, mwaka, na jeshi lililozitumia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili majeshi mengi yalihamia kwenye bunduki za kujikoki zenyewe, na mamilioni ya zile za zamani zikabaki ghalani. Baada ya mwaka 1991, nchi za Ulaya Mashariki zilifungua maghala yao. Mosin-Nagant ya Kirusi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1891, iliuzwa Marekani kwa chini ya dola 100 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo maghala yamepungua, njia za kuingiza bidhaa kutoka Urusi zimefungwa, na bei imepanda mara kadhaa.

Mkusanyaji mwenye fedha kidogo huchaguaje? Huangalia mambo haya:

1. Nambari. Nambari ya mtutu, ya komeo na ya kitako zikilingana, bunduki haijachanganywa vipuri, na thamani yake ni kubwa. Zisipolingana, bei hushuka.

2. Hali ya ndani ya mtutu. Kutu ikiwa imekula mistari ya ndani, bei hushuka pia.

3. Mihuri. Alama za kiwanda, mwaka na jeshi huonyesha bunduki ilitoka wapi na ilipita wapi.

4. Mti. Kitako cha awali kina thamani kuliko kilichokatwa au kupakwa rangi upya.

5. Karatasi. Katika nchi yenye sheria, muuzaji na mnunuzi huandikishwa. Huko Marekani iko leseni maalumu kwa wakusanyaji wa silaha zilizozidi miaka 50. Huko Uingereza bunduki inayoweza kupiga huhitaji cheti cha polisi, na wengi huchagua iliyozimwa, yaani iliyoharibiwa na mafundi kwa kufuata kanuni ili isipige tena, ikapewa hati.

Tumeyaeleza haya kwa sababu mbili. Kwanza, mjue jinsi mnunuzi anavyofikiri. Pili, mwone kwamba hata kwa wenzetu wa ng'ambo, bunduki ni nafuu pale tu ambapo sheria, polisi na karatasi vimekwisha kufanya kazi yao. Ukiondoa hivyo, unafuu wake ni wa namna nyingine kabisa.

UNAFUU KWA NANI?

Bunduki kuukuu ikiuzwa kwa bei ndogo katika eneo lenye vita, aliyepata unafuu ni yule asiyekuwa na uwezo wa kununua Kalashnikov. Risasi ya .303 ilitengenezwa kumwua mtu aliye mbali mita mia kadhaa, na umri wa miaka mia haujaibadilisha nia hiyo. Majangili wamezitumia kuua tembo. Wezi wa mifugo wamezitumia. Mtu mmoja mwenye bunduki moja inayopiga risasi moja kwa wakati anaweza kufunga barabara ya kwenda sokoni.

Wasomaji wetu wa Katanga wanalijua hili kuliko sisi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 eneo la Mitwaba, Pweto na Manono liliitwa pembetatu ya kifo. Familia zilikimbia kwa maelfu hadi Dubie, Mitwaba na kwingineko. Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa Mai-Mai, alijisalimisha Mitwaba mwezi Mei 2006. Alihukumiwa mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa mjini Lubumbashi mwaka 2011, na ukimbizi ukaanza upya. Kundi lenye silaha halianzi na ghala. Huanza na mapanga, mishale, gobore na bunduki chache za zamani. Kwa hizo hupora nyingine.

Kuna hatari nyingine, nayo ni kwa mwenye bunduki mwenyewe. Risasi za miaka mingi huoza. Nyingine hukataa kulia, kisha hulia baada ya sekunde kadhaa, wakati mtu amekwisha kufungua komeo au kugeuza mtutu usoni. Chuma kilicholiwa na kutu kinaweza kupasuka. Mtoto anayeiona bunduki ya babu ukutani hajui kama ina risasi ndani. Mara nyingi hata babu hajui.

SHERIA INASEMAJE?

Nchini Kongo, msingi wa sheria ya silaha umekuwa Amri-Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia haruhusiwi kumiliki bunduki bila kibali cha serikali, na silaha za vita si za raia. Nchini Kenya iko Sheria ya Silaha, sura ya 114. Anayetaka kumiliki bunduki lazima apewe cheti, na adhabu ya kumiliki bila cheti ni kali.

Juu ya sheria hizo mbili upo Mkataba wa Nairobi, uliotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004 na kuanza kutumika tarehe 5 Mei 2006. Kenya na Kongo zote zimo. Ofisi ya kusimamia mkataba huo, iitwayo RECSA, iko Nairobi tangu mwaka 2005. Mkataba unazitaka nchi zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki zinazojikoki zenyewe, zile za mfululizo, na bombomu. Bunduki ya komeo haikuwekwa katika marufuku hiyo ya jumla, lakini haikuachwa huru. Lazima iwe na alama, iandikishwe, na mwenye nayo awe na leseni.

Kwa hiyo msikubali maneno kama, "Hii ni ya kale, haihesabiwi." Anayeamua kama bunduki ni kitu cha kale au ni silaha ni mamlaka ya silaha. Mnunuzi hana haki ya kuamua, na hata mzee wa ukoo hana. Na mtu anayepita kambini akinunua bunduki bila karatasi, hata akijiita mkusanyaji wa vitu vya kale, anafanya biashara ya silaha, na atakayekamatwa kwanza ni yule aliyemwuzia.

Kwa mkimbizi hatari ni kubwa zaidi. Familia ya Kikongo iliyopokewa Kakuma au Nairobi ikikutwa na bunduki, hata mbovu, inaweka hatarini hifadhi yake na jina la jamii nzima.

JAMII IKITAKA KUHIFADHI KUMBUKUMBU, ICHAGUE NINI?

Hatusemi kwamba kila kitu kiteketezwe na kusahauliwa. Watoto waliozaliwa kambini wana haki ya kujua kilichotokea. Makumbusho ni kazi ya amani. Lakini vigezo vya jamii haviwezi kuwa vile vya mkusanyaji binafsi. Tunapendekeza vitano.

Kwanza, iwe imekufa. Mkusanyaji hutafuta mtutu mzuri, jamii itafute mtutu usioweza kupiga tena kamwe. Kazi hiyo ifanywe na mafundi wa serikali, wala isifanywe na fundi wa baiskeli. Hata huko Ulaya kosa limetokea hapa. Baadhi ya silaha zilizotumika katika mashambulizi ya Paris mwezi Januari 2015 zilikuwa zimeuzwa kihalali kama silaha zilizozimwa, kisha zikafufuliwa. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ukatoa kanuni mpya na kali mwishoni mwa mwaka huohuo.

Pili, iwe na historia inayojulikana. Bunduki isiyojulikana ilikotoka haifundishi kitu. Bunduki yenye kutu, ambayo wazee wa pande zote mbili wanakubaliana ilitumika wapi na iliachwa lini, inafundisha sana.

Tatu, iwe moja au mbili. Bunduki ishirini chumbani, hata kama zina vibandiko vya maelezo, ni ghala la silaha. Siku vita vikirudi, ndipo watakapoanzia.

Nne, ikae mahali pa wote. Isikae kwa chifu, wala kwa mchungaji, wala kwa mwenyekiti wa kambi. Mahali pake ni makumbusho ya umma, kama Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambako kuna orodha, mlinzi na mtu wa kuwajibika. Ikikaa kwa mmoja, wengine watauliza kwa nini ikae kwake.

Tano, isikae peke yake. Kando yake yawekwe mambo ya walioumia: majina, sufuria iliyobebwa wakati wa kukimbia, ufunguo wa nyumba iliyochomwa, picha ya kijiji. Mkusanyiko wa bunduki tupu humsifu aliyepiga.

Ziko njia nyingine za kukumbuka ambazo hazihitaji bunduki halisi. Mnara wa Askari mjini Nairobi, uliowekwa mwaka 1928, unaonyesha askari pamoja na mpagazi. Bunduki zake ni za shaba na hazijawahi kumwogopesha mtu. Nchini Msumbiji, Baraza la Wakristo lilianza mwaka 1995 mpango wa kubadilisha silaha ziwe majembe. Watu walileta bunduki wakapewa jembe, cherehani au baiskeli, na wasanii wakatumia vipande vya bunduki zilizokatwa. Mmoja wao, Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti cha enzi kwa vipande hivyo, na leo kiko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Kila anayekitazama anaona vita, lakini hakuna anayeweza kukitumia kupigana.

Katanga nayo ina mfano wake. Katika miaka ya 2000 mpango wa makanisa uitwao PAREC uliwapa baiskeli watu waliosalimisha silaha. Baiskeli ilichaguliwa kwa sababu watu wa vijijini waliijua faida yake: hubeba makaa, samaki, muhogo, mgonjwa, na mtoto wa shule. Aliyerudisha bunduki alirudi nyumbani na kitu cha kumlisha. Nchini Kenya njia nyingine imetumika, ya kuziteketeza hadharani. Tarehe 15 Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto huko Ngong, watu wakiona kwa macho yao kwamba hazitarudi mtaani.

UKIIKUTA, FANYA HIVI

Maagizo haya ni kwa familia zinazorudi vijijini na kwa viongozi wanaozitangulia.

1. Usiiguse. Usivute komeo kutazama kama ina risasi. Usijaribu kuisafisha wala kuikausha kwa moto.

2. Ondoa watoto na mifugo. Weka alama inayoonekana, kama kitambaa au matawi, mbali kidogo na mahali ilipo. Kama kuna vyuma vingine ardhini, rudi kwa njia uliyojia, kwa kuwa huenda kuna mabomu.

3. Usiibebe kuipeleka. Mtu anayetembea barabarani na bunduki, hata kama nia yake ni njema, anaweza kupigwa risasi au kukamatwa. Wao waje ilipo.

4. Mwambie kiongozi unayemwamini, naye aende pamoja na mashahidi wawili au watatu, akiwemo mwanamke, kwa mamlaka. Pale ambapo watu wanaogopa askari, kiongozi wa dini au mfanyakazi wa shirika anaweza kuwa kati.

5. Ombeni maandishi: tarehe, mahali, nambari ya bunduki ikiwa inasomeka, jina na cheo cha aliyeipokea. Karatasi hiyo ndiyo inayozuia bunduki isirudi mtaani kwa mlango wa nyuma, na ndiyo inayomlinda aliyeitoa.

6. Kabla ya kuitoa, andikeni historia yake. Ilikuwa ya nani? Ilikujaje? Kumbukumbu hiyo mnaweza kubaki nayo bila hatari yoyote.

Ikiwa bunduki ni ya mzee wa familia aliyeitunza kwa heshima, msimwaibishe. Wazee wengine waliipata jeshini na wameilinda maisha yao yote bila kuitumia vibaya. Mzee huyo asikilizwe kwanza. Aombwe asimulie, na maneno yake yaandikwe. Mara nyingi anachoogopa kupoteza ni historia yake. Akiona historia imebaki, chuma anakitoa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Katika kijiji chenu, nani ana nguvu ya kumwomba mzee aitoe bunduki bila kumvunjia heshima?

- Familia ikisalimisha bunduki leo, nani atailinda familia hiyo kesho kama jirani bado ana yake? Je, mnaweza kupanga pande zote zitoe siku moja?

- Mngependa wajukuu wenu waone kitu gani watakapouliza kwa nini mlikimbia?

Swali la pili ndilo gumu kuliko yote, na hatuwezi kulijibu tukiwa ofisini. Watu hawashiki bunduki kwa kupenda chuma. Wanaishika kwa sababu hawana imani kwamba mwingine atawalinda. Kiongozi anayeomba silaha bila kujibu hofu hiyo anaomba mtu abaki uchi barabarani. Kwa hiyo kazi ya kukusanya bunduki iende pamoja na doria ya haki, mazungumzo ya vijiji jirani, na njia ya kupata mkate.

Mkusanyaji wa ng'ambo akipata bunduki yenye nambari zinazolingana kwa bei ndogo, husema amebahatika. Sisi tunahesabu kwa kipimo kingine. Bunduki iliyo nafuu kwetu ni ile ambayo haijamgharimu mtu mwingine kijiji chake. Wazee walisema, vita havina macho. Tusiviachie mkongojo nyuma ya mlango.

Tunawatakia amani, ninyi mlio kambini, mlio mjini kwa watu, na mlio njiani kurudi.